Njoo Uone Shamba Mwezi wa Septemba

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mama wa watoto wawili anayefanya kazi Doha, alinitumia picha tatu kwa simu mwezi wa Januari. Zilikuwa picha za shamba la ekari mbili huku kwetu nyikani, upande wa Mwatate. Nyasi zimefika magotini, milima ya Taita imesimama nyuma na ukungu wake, na mbuzi wa mtu wanakula kando ya kigingi cha mpaka. Chini aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Dalali anasema watu wanaligombania. Nataka mahali ambapo hata mambo yakiharibika, wanangu watakula. Je, hapo panafaa?"

Nilimjibu siku hiyo hiyo: mwambie dalali akutumie picha ya mahali hapo hapo iliyopigwa Septemba. Dalali hakuwa nayo.

Jibu langu refu ni hili, na nalitoa hadharani kwa sababu swali si lake peke yake. Tangu 2020 naulizwa na majirani zangu wa zamani wa Mombasa, na walimu wenzangu wanaokaribia kustaafu, na vijana walioko Ghuba wanaotaka jasho lao ligeuke udongo. Wote walionja hofu ile ile. Aprili 8 mwaka ule Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na Mombasa haikufunguliwa mpaka Julai 7. Mtu aliyezoea kununua unga jioni kwa pesa za asubuhi alijua miezi ile kwamba maisha yake yote yananing'inia kwenye lori moja linalopita barabara moja. Watu wakaanza kutafuta shamba. Walikuwa na haki ya kulitafuta. Ninachopinga ni namna wanavyolipima.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 36. Mume wangu ni Mtaita wa Mgange, na mwaka 2018 tulinunua ekari tatu nyikani, kati ya Mwatate na Bura. Nilipostaafu 2021 tukahamia kabisa. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaishi, mengine kwa hasara.

Kwanza, swali lenyewe. Mtu akiuliza kama Taita Taveta inafaa, ameuliza kama nyumba inafaa kulala bila kusema ni chumba gani. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita mraba 17,000, na zaidi ya asilimia 60 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Toa ranchi. Toa mashamba makubwa ya mkonge. Toa majabali. Kipande kinachobaki ndicho wanachokilima na kukijengea wengi wa watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Na ndani ya kipande hicho kuna dunia mbalimbali. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na huko juu mtu huamka na sweta mwezi wa Julai. Taveta wana ndizi zinazonyweshwa maji yanayotokana na Kilimanjaro, na wana Mto Lumi unaowatoa watu majumbani ukifurika. Nyika ya Voi na Mwatate hupata mvua ya milimita mia tano hivi kwa mwaka, na mwaka mwingine haifiki nusu. Bei ya ekari haikuambii hata moja kati ya haya. Mara nyingi inakuambia tu umbali wa kutoka barabara ya lami.

Sasa maji, maana shamba lolote huku huanzia hapo na huishia hapo.

Nilikulia mjini nikinywa maji ya Mzima bila kujua yanatoka wapi. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, ndani ya kaunti hii. Mvua inayonyesha milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkeno na kuibuka pale, safi kama kioo. Bomba la kuyapeleka Mombasa lilijengwa miaka ya 1950. Leo naishi kaunti yenye chemchemi hiyo, na kuna vijiji ninavyovijua ambako mama huondoka na jerikeni saa kumi alfajiri. Kwa hiyo dalali akikuambia "maji yapo, bomba linapita karibu", muulize bomba ni la nani, na lilitoa maji lini mara ya mwisho. Nenda kwa jirani uangalie tangi lake: kama limejaa vumbi ndani, umepata jibu.

Hesabu ya paa niliwafundisha watoto miaka mingi kabla sijaihitaji. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Nyumba yetu ina upana wa mita sita na urefu wa mita kumi, basi paa lake ni mita mraba 60. Mvua ya milimita 500 ingetupa lita 30,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki 24,000. Hapo mtu hufurahi akanunua tangi. Lakini fanya hesabu ya mwaka mbaya. Msimu ukileta milimita 150 tu, paa lile lile linatoa lita 7,200. Sisi ni wanne, na tukijibana tunatumia lita 80 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hiyo ni siku 90. Na kiangazi cha huku, kutoka Juni mpaka vuli inyeshe, ni siku 150. Bado hujampa maji mbuzi hata mmoja, na mbuzi mmoja anataka lita nne au tano.

Ndiyo maana nasema Septemba. Mei silanga limejaa na kila mtu ana maji. Septemba ndipo utaona nani anauza jerikeni kwa bodaboda na kwa bei gani, njia ya kwenda kisimani ina urefu gani kwa miguu, na maji ya kisima chenyewe yana ladha gani. Jirani yangu mmoja alichimba kisima kirefu kwa pesa za mafao yake yote. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele. Yalikuwa ya chumvi. Mbuzi waliyanywa, lakini maharage aliyomwagilia yalikauka kuanzia ncha za majani, na baada ya miezi michache udongo wa bustani ukawa na ukoko mweupe. Kabla ya kuchimba, onja maji ya visima vyote vya jirani. Haikugharimu kitu.

Baada ya maji ni ghala, na hapa nitakaa kidogo.

Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi. Februari 2020 tulivuna magunia sita ya mahindi, mavuno yetu ya kwanza ya maana. Tukayaanika siku nne, tukayatia kwenye magunia ya kawaida, tukayapanga kwenye ghala la mabati na kutia kufuli. Mwanzoni mwa Machi tukarudi Mombasa, kwa sababu bado nilikuwa nafundisha. Moyoni nilijiona nimejitayarisha kwa lolote. Kisha njia zikafungwa. Miezi mitatu tulinunua unga wa dukani huku tukijua tuna magunia sita zaidi ya kilomita mia na hamsini kutoka pale tulipoketi, na hatuwezi kuyafikia. Akiba iliyo mbali nawe siku ya shida si akiba yako.

Julai tulipofungua mlango, kitu cha kwanza kilikuwa sauti: mkwaruzo mdogo usiokoma, kama mtu anayesugua karatasi kwa kidole. Nikalishika gunia la juu, likanywea mkononi mwangu. Unga mweupe ukapenya kwenye nyuzi na kufunika viatu vyangu. Nikatia mkono ndani nikatoa konzi ya punje. Nyingi zilikuwa maganda tu, zimetobolewa matundu ya mviringo, na juu ya kiganja changu wakatembea wadudu wa hudhurungi iliyokoza, wembamba kama kipande cha kijiti, urefu milimita tatu au nne, kichwa kimefichwa chini ya kisogo. Mume wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa asiseme neno. Katika magunia sita tuliokoa madebe matatu.

Yule ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania kwanza, na Kenya ilimgundua mara ya kwanza 1983, hapa hapa Taveta. Mimi mwalimu wa sayansi nililima miaka miwili katika kaunti aliyoingilia bila kulijua hilo, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mama mkwe wangu alijua. Hakuwa ameulizwa.

Siku hizi siweki mahindi ghalani kabla ya kuyapima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia punje mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka chini, endelea. Kisha yanaingia kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na ndani humo dumuzi hukosa pumzi akafa. Mfuko mmoja ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini ukiutunza usitoboke unatumika misimu kadhaa.

Na unyevu una hatari kubwa kuliko mdudu. Mwaka 2004, katika kaunti jirani za Makueni na Kitui na sehemu nyingine za huko, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Walikuwa watu wenye akiba. Chakula kilikuwa ndani ya nyumba zao, kimehifadhiwa kikiwa na unyevu. Kila ninapomsikia mtu akihesabu utayari wake kwa idadi ya magunia, nawakumbuka hao.

Katika nyika hii mahindi yenyewe ni kamari, hata yale ya muda mfupi kama Katumani. Ukitaka kula kila mwaka, panda pojo, kunde, mbaazi, mtama na muhogo. Mbaazi itakaa shambani wakati kila kitu kimekauka. Muhogo hauhitaji ghala, unakungoja ardhini. Watu wa mjini huja na mbegu za nyanya na kabichi kwa sababu ndizo walizoona kwenye video, kisha wanalaumu udongo.

Kuna jirani mwingine ambaye picha ya dalali haimwonyeshi. Tsavo ndiyo makao ya ndovu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, zaidi ya 12,000, na njia zao ni za kale kuliko vigingi vyetu. Mwaka wetu wa kwanza kuhamia walikuja usiku wa pili wa mbalamwezi. Hawakuja kwa kelele. Nilisikia tu mti wa mpapai ukivunjika, kisha pumzi ndefu, kama mtu mkubwa anayeshusha mzigo. Asubuhi nusu ekari ya mahindi yaliyokuwa yamebakiza wiki tatu kukomaa ilikuwa imelala. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa, na mimea iliyoharibiwa nayo ina utaratibu wake wa madai. Utaratibu huo haukupikii chakula cha mwezi ujao.

Sagalla, upande wa pili wa Voi, wakulima wameweka uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo, imeunganishwa kwa waya, ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ndovu anamwogopa nyuki. Watafiti wamefuatilia uzio huo miaka mingi na unawarudisha ndovu wengi, na asali inauzwa. Lakini ukame ukiwa mkali maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga hubaki mitupu wakati ule ule ndovu wana njaa zaidi. Hili nalitaja kwa sababu huku dawa nyingi huwa hivyo: zinafanya kazi vizuri katika mwaka mzuri. Anayejitayarisha inampasa aulize kila kitu kinafanyaje kazi katika mwaka mbaya.

Na mwaka mbaya tumeuona. Kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha inavyopaswa. Serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa nchini kwa ukame. Tulikuwa tukiona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Lita zetu ziliisha Agosti. Mbuzi kumi na wawili wakawa wanne, wengine tuliwauza kwa bei ya aibu, wengine tuliwazika. Shamba letu la ekari tatu, lenye hati, uzio, sola na tangi la lita 10,000, halikutulisha mwaka ule.

Kilichotulisha ni robo ekari ya mama mkwe huko Mgange, iliyopandwa kwenye ngazi za mlima ambazo baba yake mume wangu alizijenga kwa mawe. Huko juu ukungu hulowesha majani hata mvua isiponyesha. Kila baada ya wiki mbili wifi yangu alituma mzigo kwa matatu ya jioni: viazi vitamu, ndizi za kupika, majimbi, wakati mwingine maharage mabichi. Tukapika kimanga, tukaponda pamoja na mbaazi kidogo tulizokuwa nazo. Miaka miwili kabla ya hapo, masika yalipozidi mlimani na maharage yao yakaoza, sisi ndio tuliopeleka pojo na mbuzi.

Nilidhani huo ni wema wa ukoo tu. Mama mkwe, ambaye ana miaka 84, ndiye aliyenieleza siku moja tukimenya viazi. Akasema: "Mwanangu, sisi hatukulima mahali pamoja. Mwenye shamba la mlimani tu ni maskini, na mwenye la nyikani tu ni maskini." Wataita tangu zamani waligawa mashamba yao kwa mwinuko: kipande juu kwenye baridi, kipande katikati, kipande chini nyikani, na mifugo kwa ndugu au rafiki upande mwingine kabisa. Jua likiua chini, juu kunabaki. Mvua ikiozesha juu, chini kumeshiba. Huo ndio mpango wa dharura wa kaunti hii, ulitungwa kabla ya kuwa na kaunti, na ulivunjika sehemu kubwa mbuga na mashamba ya mkonge yalipochukua nyika na watu wakabanwa mlimani kwenye vipande vya robo ekari.

Ndiyo maana nampinga kwa moyo wangu wote mtu anayekuja huku kujitayarisha kwa kujenga ukuta. Wapo. Wananunua ekari tano, wanazungusha nyaya za umeme, wanajaza kontena vyakula vya mikebe na kuweka mbwa wakali. Jirani zao hawajui majina yao. Siku ya moto wa nyika nani atakayekuja na matawi mabichi kuuzima? Ndovu akiingia usiku, nani atakayepiga sufuria upande wa pili ili arudi alikotoka? Chama chetu cha akina mama kina watu kumi na wanne. Tunajua nani ana shinikizo la damu, nani ana mtoto mchanga, ufunguo wa nyumba ya nani uko kwa nani, na pikipiki ipi ina mafuta usiku. Kazi ya kujuana hivyo ilituchukua miaka mitatu, na hakuna duka linaloiuza.

Suala la hospitali nalo pima mwenyewe. Nilipima mara tatu muda wa kutoka mlangoni kwetu hadi hospitali yenye daktari usiku. Siku kavu, dakika 45 kwa bodaboda na gari. Usiku, saa moja na robo, kwa kumsubiri dereva. Usiku wa mvua ya Novemba 2023 korongo lilikuwa limejaa na hatukuvuka mpaka alfajiri. Tulikuwa na mtoto wa jirani aliyeumwa na kifutu mguuni. Alipona, namshukuru Mungu. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, na cha pili kilikuwa na dozi moja. Kwa hiyo usiulize kama kuna hospitali karibu. Uliza kama dawa ipo wiki hii, na ni korongo gani liko katikati.

Umeme sitaurefusha. Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba na tena Desemba mwaka huo huo. Waliokuwa na pampu za stima walikosa maji pamoja na taa. Sola ndogo ya taa na simu inatosha kuanzia. Pampu ya mkono kwenye kisima kifupi ina thamani kuliko televisheni.

Na karatasi. Pekua rekodi za kipande hicho kwenye masjala ya ardhi wewe mwenyewe, usitumiwe picha ya cheti. Shamba la kilimo linataka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lake lina muda wa miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili kisheria. Kisha fanya ambalo karatasi haiwezi kukufanyia: keti na wazee wa pale uwaulize nani alilisha mifugo hapo kabla, na kama kuna njia ya watu ya kwenda majini. Katika kaunti iliyobaki na ardhi kidogo hivi kwa wenyeji wake, mgeni anayefunga njia ya maji kwa hati halali amejitengenezea dharura yake mwenyewe.

Yote haya mtu mmoja hawezi kuyatafuta akiwa Doha, wala hapaswi kuyajua kwa hasara kama sisi. Na habari zipo. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kavu, hii ikiwemo, ikisema kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Idara ya hali ya hewa ina kumbukumbu za mvua. Wanaolinda wanyamapori wanazijua njia za ndovu. Maafisa wa maji wanajua visima vipi vina chumvi. Machifu wanajua mafuriko yalifika wapi. Kila mmoja ana kipande chake ofisini, na mwananchi ana dalali.

Naiomba serikali ya kaunti kitu kidogo. Kila ofisi ya wadi iwe na ubao ukutani, kwa Kiswahili na Kidawida au Kitaveta, wenye ramani ya wadi hiyo: ndovu hupita wapi, mafuriko yalifika wapi 2023, visima vipi ni vya chumvi, maji ya bomba yalikuja siku ngapi mwezi uliopita, hospitali yenye dawa ya nyoka ni ipi leo. Ubao na chaki vinatosha. Ubao huo umsaidie mgeni anayenunua, na zaidi ya hapo umsaidie mwenyeji, ambaye hatanunua kokote na ndiye atakayekuwepo ukame ukirudi. Na bodi ya ardhi, kabla ya kutoa idhini, imuulize mnunuzi swali moja: umewahi kulala hapo wakati wa kiangazi?

Mwanafunzi wangu ameomba likizo yake iangukie Septemba. Nimemwambia asitafute hoteli Voi, atalala kwetu siku nne na wanawe. Asubuhi ya kwanza atakwenda majini akiwa na jerikeni ya lita 20, ili mgongo wake umweleze ambayo mimi nimeyaandika. Siku ya pili tutapanda Mgange akamwamkie mama mkwe, ambaye ana maswali yake mwenyewe kwa mtu anayetaka kuwa jirani. Siku mbili zilizobaki tutazunguka kwenye zile ekari mbili tukiwauliza watu.

Nilimpigia dalali nikamwomba alishikilie shamba mpaka hapo. Akasema hawezi kuahidi, kuna mtu wa Nairobi ana pesa mkononi. Nikampigia mwanafunzi wangu nikamwambia dalali alivyosema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, likiuzwa kabla ya Septemba, acha liende."